Maswali ya Wasomaji: Je, Vigong'ota Huhama?

Toleo lililopita la gazeti hili lilikuwa na picha ya kigong'ota akilisha makinda kwenye mlango wa tundu lake, na barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Nyingi ziliuliza jambo lilelile kwa njia mbalimbali: ndege huyu huenda wapi anapokuwa haonekani, na tufanye nini ili asitoweke kabisa? Tumechagua barua tano, na tumezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa kila swali.

Bwana Mhariri, assalamu aleikum. Ninaishi Gede, kaunti ya Kilifi, na shamba letu halipo mbali na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakati wa kaskazi vigong'ota hupiga mwembe mkavu ulio nyuma ya nyumba kuanzia alfajiri, lakini kusi likishaingia hupita wiki nyingi bila kuwasikia. Mzee mmoja wa hapa husema kwamba huenda bara kufuata mvua, kisha hurudi. Je, ni kweli kwamba vigong'ota huhama kama mbayuwayu? – Msomaji, Gede

Aleikum salaam, ndugu yetu. Kwa heshima zote kwa mzee, hawaendi bara. Vigong'ota wa Afrika Mashariki karibu wote ni wakazi wa kudumu. Jozi hushika eneo lake na kukaa humo mwaka mzima ikililinda dhidi ya jozi nyingine, na wanaoondoka ni makinda waliokwisha kukomaa, ambao hulazimika kujitafutia pa kuishi.

Sababu ya tofauti hii kati ya kigong'ota na mbayuwayu ni chakula. Mbayuwayu hula wadudu wanaoruka, na wadudu hao Ulaya hutoweka baridi inapoingia, kwa hiyo asipohama atakufa njaa. Kigong'ota wa pwani hula mabuu ya mbawakawa yaliyomo ndani ya mbao, pamoja na chungu na mchwa, na hivyo vyote hupatikana miezi yote kumi na miwili mradi miti yenye umri ipo. Hana haja ya kusafiri.

Basi ule ukimya unatokana na nini? Ni muhimu kutenganisha milio miwili ambayo watu wengi huichanganya. Kigong'ota anapotafuta chakula hugonga polepole na bila mpangilio: mapigo mawili, kimya, mapigo matatu, kisha huegemeza kichwa kana kwamba anasikiliza, halafu hubandua kipande cha gome na kuingiza ulimi wake mrefu wenye ncha ya kunata. Mlio huo ni hafifu na mtu aliye umbali wa hatua hamsini huenda asiusikie. Mlio wa pili ni ule wa ngoma, mapigo ya haraka yanayofuatana mpaka sikio linashindwa kuyahesabu, na huo hauhusiani kabisa na chakula. Hupigwa kwenye tawi kavu linalovuma vizuri, na ujumbe wake ni kwamba eneo hili lina mwenyewe na kwamba anayetafuta mwenzi aje. Msimu wa kutaga na kulea ukipita, ngoma hupungua sana, ingawa mpigaji bado yupo palepale.

Kuna jambo la pili. Nje ya msimu wa kuzaliana, ndege wengi wa Arabuko-Sokoke hutembea katika makundi mchanganyiko, jamii kadhaa pamoja, wakipekua majani na magome kwa zamu huku wakisaidiana kumwona kipanga mapema. Kigong'ota hujiunga na misafara hiyo kimyakimya. Leo utamwona juu ya mti wako, na kesho msafara utakuwa umeingia ndani ya msitu nusu saa ya mwendo, nawe utadhani amehama. Ongeza juu ya hayo upepo wa kusi unaotikisa minazi kutwa nzima, na utaelewa kwa nini sikio peke yake si shahidi wa kutosha. Wakati wa kusi, nenda chini ya mwembe wako asubuhi ukatazame kama kuna vibanzi vipya vya mbao na vipande vya magome. Ukivikuta, mwenyeji wako yupo.

Hata hivyo, kutohama si salama kama kunavyoonekana, na hapa ningependa kukaa kidogo. Ndege anayehama akikuta eneo moja limeharibika anaweza kutua kwingine mwaka ujao, lakini jozi ya vigong'ota iliyozoea kipande kimoja cha msitu haina kawaida ya kuvuka kilomita za mashamba matupu kwenda kutafuta kingine. Katika msitu wenu yupo kigong'ota wa Mombasa, Campethera mombassica, mwenye mgongo wa kijani uliochanganyika na dhahabu, ambaye duniani kote huishi tu katika ukanda wa pwani kuanzia kusini mwa Somalia mpaka kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, ni miongoni mwa maficho makubwa aliyobaki nayo. Msitu huo unalindwa, na wakazi wa kandokando huruhusiwa kwa kibali kuokota kuni zilizokauka, utaratibu ambao una haki kwa sababu familia lazima zipike. Lakini utaratibu huo una dhana ndani yake kwamba mti uliokauka hauna mwenyewe. Tawi lililoanguka chini, mwanamke akilifunga na kulitia kichwani, halina hasara kubwa kwa ndege. Shina kavu lililosimama, lenye tundu la duara mita nne kutoka ardhini, ni jambo jingine kabisa, na ingefaa vyama vya jamii vya misitu viliweke wazi jambo hilo kwa waokotaji.

Kuhusu mwembe wako: kama unaogopa kwamba utaangukia nyumba, kata matawi na sehemu ya juu, uache shina lenye urefu wa mita tatu au nne. Hatari itakuwa imekwisha, na ndege watakuwa na mahali pao.

Mhariri mpendwa, mimi ni Mkenya ninayeishi Toronto. Aprili iliyopita kigong'ota alitoboa vishimo vidogo vilivyopangwa kwa mistari kwenye mti wa mepo ulio mbele ya nyumba yetu. Watoto walimpenda sana, lakini baada ya siku chache alitoweka. Majirani wanasema vigong'ota wa Kanada hawahami kwa sababu wanawaona hata theluji inapoanguka. Nani mkweli? – Mama watatu, Toronto

Dada yetu, majirani wanasema kweli kuhusu ndege mmoja na wewe unasema kweli kuhusu mwingine. Yule mdogo mweusi na mweupe anayekuja kula mafuta ya ng'ombe yanayotundikwa bustanini wakati wa baridi hukaa hapo mwaka mzima, kwa kuwa mabuu yaliyolala chini ya magome hayajali theluji. Mgeni wako ni kigong'ota mla utomvu, Sphyrapicus varius, na ile mistari ya vishimo ni sahihi yake. Huchimba vishimo hivyo mpaka utomvu utiririke, kisha hurudi mara kwa mara kuulamba pamoja na wadudu walionaswa humo. Kolibri, wale ndege wadogo kabisa wanaokunywa maji ya maua, wanaporudi kutoka kusini kabla maua hayajachanua vya kutosha, hunywa pia kwenye visima hivyo. Visima hivi vina wateja wengi kuliko mchimbaji mwenyewe.

Utomvu hukoma kutiririka baridi inapokaza, na ndiyo maana ndege huyu ndiye mhamaji kamili kuliko vigong'ota wote wa mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. Huzaliana katika misitu ya kaskazini ya Kanada na sehemu za jirani za Marekani, na wakati wa baridi huwa kusini-mashariki mwa Marekani, visiwa vya Karibi, Meksiko na Amerika ya Kati. Majike kwa kawaida huenda kusini zaidi kuliko madume. Aliyefika kwenu Aprili alikuwa njiani kurudi kaskazini, na mti wenu ulikuwa kituo cha kujaza nguvu. Kuna mwingine wa kuangalia, kigong'ota mwenye manjano chini ya mabawa, ambaye mara nyingi hutua chini kwenye majani kula chungu. Ardhi ikiganda hawezi kuwafikia, kwa hiyo wengi wa Kanada hushuka kusini kuanzia Septemba, wachache wakibaki.

Zipo pia safari zisizofuata kalenda. Huko kaskazini mwa Ulaya kigong'ota mkubwa mwenye madoa hutegemea mbegu za misonobari wakati wa baridi, na mwaka ambao mbegu hizo hazikuzaa vizuri huondoka kwa makundi makubwa kutoka Urusi na nchi za Skandinavia kuelekea magharibi na kusini, kisha miaka kadhaa inaweza kupita bila safari kama hiyo. Kule California yupo anayetoboa maelfu ya vishimo katika mti mmoja na kushindilia mbegu ya mwaloni katika kila kishimo. Mialoni isipozaa na ghala likiisha, ukoo mzima huhama eneo.

Usijali kuhusu mti wako. Mti wenye afya kwa kawaida huistahimili mistari hiyo. Tatizo kubwa la ndege hawa mjini kwenu ni vioo. Wahamaji hawa husafiri usiku, hupotezwa na taa za majengo marefu, na asubuhi hugonga madirisha yanayoakisi miti. Ni huko Toronto ambako shirika la FLAP lilianzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya kuokota ndege waliogonga majengo na kushawishi wenye majengo wazime taa. Zima taa zisizo na kazi usiku wa Aprili, Mei, Septemba na Oktoba, na ubandike alama za nukta zilizokaribiana upande wa nje wa dirisha kubwa. Karatasi moja yenye umbo la kipanga, ambayo watu wengi huiweka, haisaidii kitu.

Mheshimiwa Mhariri, ninafundisha shule ya msingi karibu na Naivasha. Kwenye uzio wetu huja ndege wa kahawia mwenye koo lenye rangi ya kutu, ambaye hupinda shingo huku na huku. Kitabu tulicho nacho kinasema ni wa jamii ya vigong'ota na kwamba hutoka Ulaya, lakini sisi tunamwona mwaka mzima. – Mwalimu, Naivasha

Mwalimu, macho yenu ni sahihi, na kitabu kinazungumzia binamu yake. Wako wawili tu duniani katika kundi hili la wapinda shingo. Wenu ni Jynx ruficollis, mkazi wa nyanda za juu za Kenya na sehemu nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, anayetambulika kwa koo hilo la rangi ya kutu. Binamu yake, Jynx torquilla, huzaliana Ulaya na Asia mpaka Japani, na wale wa Ulaya wanapohama huvuka Sahara na kukaa katika ukanda unaoanzia Senegali mpaka Ethiopia. Huku kwetu huonekana kwa nadra. Huyo ndiye jibu halisi kwa anayeuliza kama kuna wa jamii ya kigong'ota anayefika Afrika kutoka mbali.

Wote wawili hawana mdomo wa kutoboa mti wala mkia mgumu wa kujiegemeza. Huokota sisimizi kwenye ardhi iliyo wazi na hutaga katika tundu lililochimbwa na mwingine au lililooza lenyewe, na hata ndani ya nguzo ya uzio. Uingereza huyu wa Ulaya alikuwa ndege wa kawaida wa bustani za matunda katika karne ya 19, na leo hupita tu wakati wa kuhama. Nguzo zenu za mbao zikioza, kabla ya kuweka za saruji, zichunguzeni kwanza. Wanafunzi wanaweza pia kuandika kila mwezi kama wamemwona au hawakumwona, na kupeleka taarifa hizo kwenye Kenya Bird Map, mradi unaokusanya kumbukumbu za ndege wa nchi nzima kwa viraba vya takriban kilomita tisa kwa tisa. Mwezi ambao hakuonekana nao uandikwe, kwa sababu bila huo haiwezekani kujua kama ndege hubadilisha mahali.

Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji wilayani Tunduru. Tumetenga msitu wa hifadhi ya kijiji, ambao ni miombo, na sasa kuna mjadala mkali. Wapo wanaotaka miti yote iliyokauka ivunwe kwa mkaa, kwa hoja kwamba haina faida tena na fedha zitasaidia zahanati, kisha tupande mingine badala yake. Wapo wanaosema ndege na nyuki wataondoka. Tuamue vipi? – Mjumbe, Tunduru

Ndugu mjumbe, zahanati si jambo la kubezwa, na anayewaambia wanakijiji wasiguse msitu wao huku yeye amelala karibu na hospitali hawatendei haki. Lakini hoja kwamba mti mkavu hauna faida si sahihi, na ni vema mjadala uanzie hapo.

Tembeeni msituni mtazame mashimo yalipo. Kigong'ota hachimbi popote. Hutafuta shina au tawi nene ambalo kuvu imekwisha kulilainisha ndani huku ganda la nje likiwa bado gumu, na mara nyingi huchagua upande wa chini wa tawi lililoinama ili mvua isiingie. Mlango ni wa duara safi, unatosha mwili wake tu, na ndani tundu huteremka kama mfuko. Humo dume na jike hulalia mayai meupe kwa zamu kwa muda wa karibu wiki mbili. Msimu unaofuata mara nyingi huchimba tundu jipya, na lile la zamani hupata wapangaji: kwenzi wenye manyoya yanayong'aa, bundi wadogo, komba, popo, nyuki. Hao hawana uwezo wa kujichimbia. Hata ndege wa jamii ya mlembe, ambao mrina asali anawajua vizuri, wana wanaotaga mayai yao ndani ya viota vya vigong'ota na kuwaachia kazi ya kulea. Mkiondoa mashina yenye matundu mmeondoa makazi ya wote hao kwa mara moja, na mmepata magunia machache ya mkaa kutoka kwenye mti ambao tayari umelika ndani na hauna uzito.

Eneo lenu lina uzito wa pekee. Kigong'ota wa Stierling, Dendropicos stierlingi, hupatikana tu katika miombo ya kusini mwa Tanzania, kaskazini mwa Msumbiji na sehemu ya Malawi. Si ndege wa mashamba. Hafiki Dodoma wala Morogoro kutafuta hifadhi misitu ya kwenu ikiisha.

Kuhusu kupanda: pandeni, lakini msidanganyane kwamba mche ni badala ya mti mkavu. Mche wa mninga utahitaji miongo mingi kabla haujawa na tawi nene lililokufa na kulainishwa na kuvu. Mikaratusi na misonobari hukua haraka, ndiyo, ila huvunwa ikiwa bado michanga, na shamba la miti inayolingana umri halina mti mzee hata mmoja. Mimi huwa na wasiwasi na kampeni zinazohesabu miche iliyopandwa bila kuhesabu miti mizee iliyoangushwa wiki hiyohiyo.

Somo hili Wamarekani walilijifunza kwa gharama kubwa. Kusini-mashariki mwa nchi yao kulikuwa na misonobari ya majani marefu iliyoenea zaidi ya hekta milioni 30, na katika karne ya 20 ilibaki chini ya hekta milioni 2. Humo anaishi kigong'ota mdogo, Leuconotopicus borealis, ambaye kinyume na wengine huchimba tundu katika msonobari ulio hai, tena uliozeeka, ambao kiini chake kimeshikwa na kuvu. Kazi hiyo humchukua mwaka na hata miaka kadhaa. Kampuni za mbao zilipokuwa zikivuna miti kabla haijazeeka, hakubaki na pa kuchimba, na mwaka 1970 aliandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 1989 kimbunga Hugo kiliukumba msitu wa Francis Marion huko South Carolina, kikaua zaidi ya nusu ya ndege hao na kuangusha sehemu kubwa zaidi ya miti yenye matundu. Wataalamu walilazimika kupanda juu ya misonobari iliyobaki wakiwa na misumeno, wakakata nafasi ndani ya mashina na kupachika masanduku ya mbao yenye mlango. Ndege waliyakubali. Kazi ya namna hiyo imeendelea katika misitu mingi, pamoja na uchomaji wa kupangwa wa nyasi na vichaka, na mwaka 2024 ndege huyo alishushwa daraja kutoka kuwa hatarini kutoweka hadi kuwa katika tishio tu. Miaka 54, na masanduku ya mbao mtini mmojammoja! Kijiji cha Tunduru hakina bajeti hiyo, bali kina miti ambayo wao walikuwa wamekwisha kuipoteza.

Kwa vitendo, ningependekeza mpitie msitu kabla ya kuamua uvunaji wowote, na kila shina lenye tundu, liwe kavu au hai, litiwe alama ya rangi inayoonekana kwa mbali. Hayo hayaguswi. Miongoni mwa makavu yasiyo na matundu, acheni yale manene zaidi na mchukue membamba, ambayo ndiyo yanayofaa kuni za nyumbani. Hakikisheni pia kwamba baadhi ya mininga na miti mingine mikubwa inaachwa izeeke na kufa yenyewe, kwani mkivuna kila mmoja unapofikia kipimo cha kisheria hakutakuwa na shina kavu nene miaka arobaini ijayo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia msitu wake kwa mpango wa usimamizi na sheria ndogo, kwa hiyo yaandikeni haya humo. Makubaliano ya mkutanoni husahaulika viongozi wakibadilika.

Mliuliza juu ya mkaa, lakini moto unanitia hofu zaidi. Moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, huingia ndani ya shina kavu kupitia mizizi na kulifanya bomba la moshi. Usiku mmoja unaweza kumaliza mashina ambayo kamati ingeyajadili mwaka mzima. Miezi hiyo ndiyo ambayo miombo huanza kuchipua majani mekundu kabla ya mvua na ndege wengi huanza kujenga viota, kwa hiyo hasara ni mara mbili. Chomeni mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, asubuhi au jioni, moto ukiwa wa chini na wa kutambaa, na kabla ya hapo fyekeni duara la hatua mbili au tatu kuzunguka kila shina lenye alama. Ni kazi ya siku chache kwa vijana wenye majembe na mapanga. Na kama mtaamua kuvuna chochote, maliza kabla ya Agosti kwisha, ili misumeno isikute makinda.

Zahanati mnaweza kuipata kwa njia nyingine ndani ya msitu huohuo. Kule Kilwa, vijiji vilivyopata mwaka 2009 cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unasimamiwa vizuri, viliuza mpingo wa msitu wa jamii kwa utaratibu wa kuchagua mti mmojammoja, na mapato yakaingia kijijini. Mizinga ya nyuki nayo inaishi vizuri na vigong'ota.

Mhariri, ndege mdogo mwenye michirizi anatoboa mabua ya mahindi yangu, na jirani amenishauri nimpulizie sumu. Nifanyeje? – Mkulima, Mbozi

Usipulize. Huyo kwa maelezo yako ni Dendropicos fuscescens, mdogo kuliko karibu vigong'ota wote wa Afrika, mwenye urefu wa sentimita 15 hivi, na ndiye anayestahimili mashamba na bustani kuliko wenzake kwa kuwa vijiti vyembamba na mabua humtosha kwa chakula. Hali mahindi. Anachotafuta ndani ya bua ni funza anayetoboa shina, ambaye ndiye adui yako halisi. Pasua mabua machache aliyoyatoboa, utakuta njia ya funza na uchafu wake kama unga wa mbao. Hata hivyo usimtegemee ndege peke yake kumaliza funza. Baada ya mavuno kata mabua yaliyoshambuliwa uwalishe ng'ombe au uyafukie, kwani funza hujificha humo mpaka msimu ujao. Kwa upande wa ndege, acha mti mmoja wenye tawi kavu kwenye mpaka wa shamba, maana bua humpa chakula tu na kiota anakiweka mtini. Ukitaka kujua anayekutembelea ni dume au jike, tazama kisogo: cha dume ni chekundu, cha jike ni cheusi.